NG'OMBE WA MAZIWA NA AHESABIWE KWA UMRI WAKE



Msimu wa karafuu ukiwa mwema fedha huingia mkononi, na kila aliyezipata hutafuta mahali pa kuziweka. Mmoja hujenga, mmoja huoza mtoto, mwingine hutia nia ya kwenda Hija, na wengi siku hizi hununua ng'ombe wa maziwa. Ni shauri jema. Karafuu zina tabia yake: mwaka huu hujaa, mwaka ujao hupunguka. Maziwa huja kila asubuhi, na samadi huenda kwenye migomba na kwenye miche. Lakini liko jambo ambalo kila mwenye macho amekwisha kuliona vijijini mwetu. Ng'ombe hununuliwa kwa fedha za magunia mengi, huzaa mara moja, labda mara mbili, kisha hukonda, au hukataa kushika mimba, au hufa kwa ugonjwa wa kupe, na banda hubaki tupu mpaka msimu mwingine. Huko si kufuga. Huko ni kununua maziwa kwa karafuu, tena kwa bei ghali.

Katika mkutano wetu mmoja wa wanachama, mzee mmoja alisimama akaniuliza, "Mwanangu Katibu, nieleze kwa maneno mafupi, ng'ombe gani aliye bora?" Nami nikamwuliza yeye, "Mzee wangu, kwako wewe aliye bora ni yupi?" Akajibu pale pale, "Anayejaza ndoo." Watu wakacheka, na wengi wakakubali kwa vichwa.

Jibu lile ndilo lililonifanya nishike kalamu. Maana ndilo jibu walilokuwa nalo wafugaji wa Ulaya na Marekani kwa miaka mingi. Walichagua madume kwa ndoo, wakapata ndoo zilizojaa, kisha wakaona wanapoteza kwa mlango wa nyuma kile walichokipata kwa mlango wa mbele. Sasa wamebadili hesabu yao. Sisi tunaoanza leo hatuna sababu ya kupita njia ile ile yenye miba na hali wenzetu wamekwisha kutuonyesha mahali ilipo.

Kwanza tuangalie mkarafuu, ambao tunaujua zaidi. Nani kati yetu huupima mkarafuu kwa mavuno ya mwaka mmoja? Mche huupanda, ukaupalilia, ukauwekea kivuli, ukangoja miaka 6 mpaka 8 bila ya kuchuma kitu cha maana. Miaka ile yote ni gharama tupu. Faida ya mkarafuu i katika miaka inayofuata, na mkarafuu mzuri huishi kupita umri wa mtu aliyeupanda. Wengi wetu tunachuma juu ya miti iliyopandwa na mababu. Mti ungezaa sana mara mbili kisha ukakauka, hata kama mara zile mbili ungevunja matawi kwa uzito, hakuna mtu ambaye angechukua mbegu yake akaotesha kitalu.

Ng'ombe naye ana miaka yake ya kungojewa. Tangu kuzaliwa mpaka kuzaa kwa mara ya kwanza, mtamba wa kwetu huchukua kiasi cha miaka 3, na wengine zaidi. Muda wote huo hula, huogeshwa dawa, huchanjwa, wala hatoi hata kikombe. Tena akizaa mara ya kwanza bado hajafikia nguvu zake; mtamba hutoa kama robo tatu tu ya maziwa atakayotoa akikomaa. Ng'ombe hufikia upeo wake katika uzao wa 4 au wa 5. Basi anayempoteza ng'ombe baada ya uzao wa 2 amelipa gharama zote za kumlea na kumfundisha, kisha amemwacha mlangoni pa faida.

Natoa mfano wa hesabu, ili kila mtu aufuate kwa vidole. Wako ng'ombe wawili waliozaa kwa mara ya kwanza wakiwa na miaka 3. Wa kwanza ni wa ndoo: hutoa lita 12 kwa siku kwa siku 300 za kukamwa, yaani lita 3,600 kwa uzao. Akazaa mara 2, akamaliza kukamwa akiwa na miaka 5, akaondoka. Jumla yake ni lita 7,200. Wa pili ni wa kiasi: lita 8 kwa siku, lita 2,400 kwa uzao. Lakini huyu alizaa kila baada ya miezi 14 mpaka akatimiza mizao 8, akaondoka na miaka 12. Jumla yake ni lita 19,200.

Sasa tugawe maziwa hayo kwa siku zote za maisha yao, si kwa siku za kukamwa tu, kwa sababu ng'ombe hula kila siku, akikamwa asikamwe. Yule wa ndoo ametoa lita zisizofika 4 kwa kila siku aliyoishi. Yule wa kiasi ametoa lita 4 na zaidi ya theluthi. Tofauti ni ndogo, mtu aweza kusema. Ni kweli. Lakini bei ya kumnunua au gharama ya kumlea imegawanywa kwa lita 7,200 kwa mmoja, na kwa lita 19,200 kwa mwingine. Kila lita ya yule wa kwanza imebeba deni zaidi ya mara mbili na nusu. Na tazameni ndama. Wa kwanza ameacha 2, na kwa kawaida mmoja wao ni dume. Amebaki mtamba mmoja, naye akifa kwa ndigana nasaba imekatika. Wa pili ameacha ndama 8, na wanne hivi ni majike.

Hapo pa ndama ndipo penye siri kubwa ya jambo hili, nami naomba msomaji asipapite mbio. Kuboresha ng'ombe ni kuchagua. Mtu ambaye ng'ombe wake hudumu huzaliwa mitamba mingi kuliko anaoihitaji. Hubakisha aliye mzuri na kuuza wengine, na fedha ya kuuza mtamba si haba. Mtu ambaye ng'ombe wake hufa mapema hana la kuchagua. Sharti ambakishe kila mtamba aliyezaliwa, hata mwenye kiwele kibovu na miguu iliyopinda, ili banda lisiwe tupu. Kwa hiyo umri mrefu si faida ya maziwa tu. Ndio unaompa mfugaji mdogo uhuru wa kuchagua, na pasipo kuchagua hakuna mbegu bora, hata aje bwana mtaalamu kutoka wapi.

Haya yalitokeaje kwa wenzetu? Mwaka 1949 wataalamu wa Uingereza waligundua kwamba gliserini huilinda mbegu ya dume isife inapogandishwa. Tangu hapo dume mmoja akaweza kuwa baba wa maelfu ya ndama katika nchi nyingi, hata baada ya yeye kufa. Wamarekani wakachagua madume ambayo binti zao walitoa maziwa mengi, na wakafanikiwa mno. Mwaka 1960 ng'ombe mmoja wa Marekani alitoa kwa wastani kiasi cha kilo 3,200 kwa mwaka. Katika miaka ya 2020 wastani umepita kilo 10,500. Sehemu ya maongezeko hayo ni chakula na matunzo, na sehemu kubwa ni damu.

Lakini ng'ombe yule anayemimina kilo 40 kwa siku baada ya kuzaa hawezi kula kiasi cha kutosha kuyalipia maziwa yake. Huyayusha mafuta ya mwili wake, hukonda, na mwili uliokonda haurudi kwenye joto upesi. Basi kadiri maziwa yalivyopanda, mimba zikawa ngumu kushika. Kiwele kikubwa kikaning'inia na kushikwa na uvimbe, na miguu ikaanza kuuma juu ya sakafu za saruji. Ng'ombe ambaye kwa maumbile yake aweza kuishi miaka 20 akawa anaondoka zizini katika mwaka wake wa 5 au wa 6, na sababu kubwa ni hizo tatu: kutoshika mimba, ugonjwa wa kiwele, na kuchechemea.

Wako waliotangulia kuliona jambo hili. Wanorwe, kwa ng'ombe wao mwekundu, walianza tangu miaka ya 1970 kuandika kila ugonjwa uliotibiwa kwa kila ng'ombe, na kutia afya na uzazi katika hesabu ya kumchagulia dume. Dume ambaye binti zake walikuwa na maziwa mengi na viwele vigonjwa hakusifiwa kwa maziwa peke yake. Ng'ombe wao leo wanasifika duniani kwa kushika mimba na kwa afya ya kiwele, na hawakuyaacha maziwa nyuma. Marekani walichelewa. Mwaka 1994 ndipo Wizara yao ya Kilimo ilipoanza kutoa, kwa kila dume, hesabu ya muda ambao binti zake hudumu katika kukamwa, na mwaka 2003 wakaongeza hesabu ya kushika mimba kwa binti zake. Tangu hapo ule mteremko wa uzazi ukasimama, na baadaye ukaanza kupanda tena.

Kwa nini walichelewa? Si kwa ujinga. Umri ni sifa ngumu kuichagua. Maziwa ya mtamba huyajua katika mwaka wake wa kwanza wa kukamwa, bali urefu wa maisha yake huujui mpaka aondoke. Ukingoja binti wote wa dume waishe ndipo uhukumu, baba yao amekwisha kuwa mifupa. Tena katika tofauti za umri baina ya ng'ombe na ng'ombe, sehemu inayotokana na damu ni ndogo, kama sehemu 10 katika 100 au chini yake. Zilizobaki ni chakula, maji, kupe, mkono wa mkamaji, na bahati. Wako watu wakisikia hivyo husema, basi damu haina maana, tumwachie Mungu. Hapana. Sehemu 10 katika kila kizazi, zikikusanywa kwa kuchagua dume mwema kila mara, hujaa kama kibaba cha mchele. Na sehemu 90 zilizobaki zi mikononi mwetu wenyewe tangu leo.

Wataalamu wakatafuta alama zinazoonekana mapema, na alama hizo hata mfugaji wa ng'ombe mmoja aweza kuzitumia. Tazama kiwele: kiwe kimeshikamana na tumbo mbele, na nyuma kimefungwa juu, wala kisishuke chini ya kifundo cha mguu wa nyuma. Kiwele kilichoshuka hupigwa na kwato, huchomwa na visiki, hulala katika matope, na ugonjwa huingia kwa chuchu. Chuchu ziwe za urefu wa kiasi, zikielekea chini, si nje. Tazama miguu: kwato iliyosimama na kisigino chenye kina, na mwendo usioyumba. Tazama kama hubeba mwili wake wakati anakamwa au huwa mifupa mitupu.

Na ukubwa? Hapa najua nitawaudhi baadhi ya wanachama, kwa sababu mtu akienda kununua ng'ombe huvutiwa na yule mrefu kama mlango. Chuo Kikuu cha Minnesota kilianza mwaka 1966 jaribio la miaka mingi. Ng'ombe wa aina moja, Holstein, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likapandishwa na madume yanayozaa wakubwa, kundi la pili na madume yanayozaa wadogo. Ilipofika mwaka 1999 walitangaza kwamba wale wadogo ndio waliodumu zaidi katika kukamwa. Na mdogo hula kidogo. Kwetu ambako majani hukatwa kwa panga na kubebwa kichwani, hilo si neno dogo. Mtu anayebeba mzigo wa majani ya tembo kutoka bondeni mpaka bandani anaujua uzito wa ng'ombe mkubwa kuliko mtaalamu yeyote.

Kisa kingine cha Marekani kinatugusa sisi watu wa kisiwa. Mwaka 1962 alizaliwa katika jimbo la Nebraska dume wa Holstein aliyeitwa Pawnee Farm Arlinda Chief. Binti zake 16,000 walitoa maziwa ya ajabu, wajukuu wakawa nusu milioni, na damu yake ikaenea hata ikawa kiasi cha sehemu 14 katika 100 za damu yote ya Holstein wa Marekani. Hakuna aliyejua kwamba dume yule alibeba kasoro iliyofichika. Ndama akiirithi kutoka upande mmoja hadhuriki. Akiirithi kwa baba na kwa mama, hufa tumboni kabla ya kuzaliwa. Maadamu nasaba ya Chief ilikuwa imekwisha kuingia pande zote, pande mbili zilikutana mara nyingi. Kasoro ilitambuliwa mwaka 2011, na wataalamu baadaye walikadiria kwamba mimba zaidi ya 500,000 zilitoka duniani kwa sababu yake. Haki isemwe: wataalamu wale wale walihesabu pia kwamba faida ya maziwa ya kizazi chake ilipita hasara hiyo kwa mbali. Lakini faida iligawanyika kwa nchi nzima, na mimba iliyotoka ilikuwa ya mtu mmoja mmoja.

Sasa tujiulize, katika vijiji vyetu dume mmoja hupanda ng'ombe wa mitaa mingapi, na kwa miaka mingapi? Dume akikaa mtaani zaidi ya miaka 3, huanza kupanda binti zake mwenyewe. Ndama wa namna hiyo huzaliwa dhaifu, hukua polepole, na uzazi wake huwa wa taabu. Kumhamisha dume kutoka wilaya hadi wilaya kila baada ya muda ni kazi ambayo Chama kinaweza kuipanga, na gharama yake si kubwa kuliko gari moja la ng'ombe.

Tukija kwenye damu yenyewe, swali kubwa la nchi za joto ni kiasi gani cha damu ya Ulaya. Ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye nundu hudumu, huvumilia jua na kupe, huzaa mpaka uzeeni, lakini maziwa yake hayatoshi nyumba. Friesian na Jersey wana maziwa, lakini joto la pwani huwakosesha hamu ya kula, na kupe huwaua. Chotara huchukua kwa mama na kwa baba. Bara Hindi mashamba ya ng'ombe ya jeshi yaliweka kumbukumbu za miaka mingi za chotara wa kila daraja. Zilipochambuliwa na kutolewa mwaka 1967 zilionyesha kwamba walio bora kwa jumla ni wale wenye damu ya Ulaya nusu mpaka sehemu 5 kwa 8. Mwaka 1987 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa kitabu kilichokusanya majaribio ya nchi nyingi za joto, na maneno yake ni yale yale: kutoka damu tupu ya kienyeji mpaka nusu, kila hatua huongeza maziwa na kuleta uzao wa kwanza mapema, kupita nusu, maongezeko hayana uhakika tena.

Brazili walikwenda mbali zaidi, wakafuatilia maisha mazima. Walizalisha madaraja 6 ya chotara wa Friesian na ng'ombe wa nundu aitwaye Guzerat, kuanzia wenye robo ya damu ya Ulaya mpaka wenye damu karibu tupu, wakawagawa katika mashamba ya watu, mazuri na mabovu. Wale nusu kwa nusu ndio waliodumu zaidi zizini, na ndio walioleta faida kubwa.

Hapa lazima nitie onyo, maana wengi hukosea papo hapo. Nusu kwa nusu ya kwanza ina nguvu ya pekee inayotokana na kukutana kwa damu mbili zilizo mbali. Ukimpandisha chotara kwa chotara, nguvu ile hupungua kwa nusu, na watoto huwa mchanganyiko, huyu hivi na huyu vile. Na ukimpandisha chotara kwa Friesian, kisha binti yake kwa Friesian tena, baada ya vizazi viwili una ng'ombe wa sehemu 7 kwa 8, mgeni kamili katika nchi ya kupe. Aghalabu hivyo ndivyo mabanda yanavyokuwa matupu. Mtu ameanza na chotara mwema, akafurahi, akasema "niongeze damu nipate zaidi". Njia nzuri zaidi ni kubadilisha: mama akiwa nusu, apandishwe na dume wa Ulaya, binti yake mwenye robo tatu arudishwe kwa dume wa nundu mwenye maziwa, kama Sahiwal, na binti wa huyo kwa dume wa Ulaya tena. Hivyo damu huyumba huku na huku katikati, wala haitupi upande mmoja.

Na Sahiwal tunao karibu. Asili yao ni Punjab, na huko Naivasha serikali ya Kenya iliwatengea shamba maalumu la uzalishaji mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tanganyika nayo ilijaribu lake. Kituo cha Mpwapwa kilichanganya ng'ombe wa nundu wa Bara Hindi, wa kienyeji wa Tanganyika, na kiasi kidogo cha damu ya Ulaya, na mwaka 1958 wakatangaza aina mpya, ng'ombe wa Mpwapwa, aliyekusudiwa mfugaji wa kawaida katika nchi kavu. Kazi ilikuwa njema, ila idadi yao imebaki ndogo, na naona haya kusema kwamba watu wengi wanaojua jina la Holstein hawalijui hilo.

Mwanachama anayetumia mbegu ya mrija amwombe Bwana Mifugo karatasi ya dume kabla ya kupandisha, asiridhike na picha. Katika karatasi zile, karibu na maziwa, huandikwa muda wa kudumu kwa binti zake, afya ya kiwele, miguu, na wepesi wa kuzaa. Dume mwenye maziwa ya kati na binti wanaodumu anatufaa kuliko bingwa wa maziwa ambaye binti zake hawafiki uzao wa 3. Ajue pia kwamba hesabu hizo zimepimwa kwa ng'ombe wanaokaa nchi ya baridi na kulishwa nafaka. Zatuonyesha njia, hazituahidi kitu. Ushahidi ulio bora kuliko wote ni binti za dume huyo, au ndugu zake, wanaokamwa hapa hapa kisiwani, wakinywa maji yetu na kuumwa na kupe wetu.

Anayenunua mtamba aombe kumwona mama. Akiambiwa mama amekufa, aulize alikufa na mizao mingapi. Mtamba wa ng'ombe aliyezaa mara 7 na bado anakamwa ana thamani ambayo haionekani kwa macho, na muuzaji mara nyingi hajui kuidai. Hakuna uhakika, kwa kuwa damu ya umri ni sehemu ndogo kama nilivyosema, lakini ni afadhali kuliko kununua kwa rangi. Bado watu wananunua weusi kwa weupe kama wanaochagua kitambaa.

Nisifahamike vibaya. Sisemi kila ng'ombe abakizwe mpaka ang'oke meno. Ireland alikuwako ng'ombe aliyeitwa Big Bertha, aliyekufa mwaka 1993 akiwa na miaka 48 na ndama 39. Ni ajabu ya dunia, si kanuni ya shamba. Ng'ombe ambaye mwaka wa pili unapita bila ya mimba anakula haki ya mtamba, na kumbakiza kwa mapenzi ni sadaka, ila mwenyewe ajue ni sadaka. Na mbegu mpya nazo huwa bora kuliko za zamani pale wachaguzi wanapofanya kazi yao vizuri, hivyo banda la wazee watupu hukosa maendeleo. Neno ni hili: ng'ombe aondoke kwa sababu wewe umechagua aondoke, si kwa sababu kifo au ugumba umekuchagulia.

Na wale wanaosema umri na maziwa havikai pamoja, wawatazame Wakanada. Katika jimbo la Ontario ng'ombe wa Holstein aliyeitwa Smurf alifikia mwaka 2012, akiwa na miaka 15, jumla ya kilo 216,891 za maziwa katika maisha yake, na jina lake likaandikwa katika kitabu cha Guinness. Wapo waliotoa zaidi yake kwa siku moja. Yeye aliwashinda kwa kurudi kukamwa mwaka baada ya mwaka.

Limebaki jambo moja, ambalo bila ya hilo haya yote ni maneno ya barazani. Hatuna maandishi. Ukimwuliza mwenye ng'ombe, huyu amezaa mara ngapi, hutazama juu ya paa. Mara nyingi mama wa nyumba ndiye anayejua, kwa kuwa ndiye anayeamka alfajiri, na hukumbuka kwamba ndama wa pili alizaliwa wiki ya harusi ya fulani. Kumbukumbu hiyo ni mali, lakini haiwezi kulinganisha dume na dume. Mwaka 1895 wakulima wa Vejen, Denmark, walianzisha chama cha kupima na kuandika maziwa ya ng'ombe wao, wakaajiri mtu apite banda kwa banda. Vyama vya namna hiyo vikaenea Ulaya nzima, na hesabu zote za madume nilizozitaja zimejengwa juu ya madaftari ya watu kama sisi.

Kwa hiyo Kamati imekubali kutengeneza madaftari. Kila ng'ombe atakuwa na ukurasa wake: siku aliyozaliwa, mama yake, baba yake, na kila siku aliyozaa. Siku moja katika kila mwezi, maziwa ya asubuhi na ya jioni yapimwe kwa lita na kuandikwa. Ukizidisha kwa 30 umepata mwezi, wala hakuna haja ya kupima kila siku. Magonjwa yaandikwe. Na mwisho wa ukurasa ipo nafasi ya sababu ya kuondoka, ambayo ndiyo muhimu kuliko zote: amekufa kwa nini, au ameuzwa kwa nini. Tafadhalini msiandike "amri ya Mungu" peke yake. Ni kweli, lakini tunataka kujua kama ilikuwa ndigana, kiwele, au ugumba.

Madaftari yanapatikana afisini bila ya malipo kwa kila mwanachama mwenye ng'ombe, hata akiwa na mmoja. Yatarejeshwa kila mwisho wa mwaka ili yanakiliwe, kisha yatarudi kwa wenyewe. Asiyeandika mwenyewe amtume mtoto wa skuli, na mama wa nyumba awepo wakati wa kuandika. Anayejua tarehe za ng'ombe wake wa zamani, hata waliokwisha kufa, naaje nazo; tutazipokea.

Katibu wa Chama